Una rosasia na harusi imekaribia: usikubali uso uchubuliwe

Swali: "Shikamoo daktari. Nina miaka 31, naishi Tanga, ni mpishi kwenye mgahawa. Karibu mwaka mzima sasa mashavu na pua vinanichoma kama nimepigwa na mvuke wa sufuria, na vinatoka vipele vidogo visivyokamulika. Dukani waliniambia ni chunusi sugu, wakaniuzia krimu ya kuchanganya kwenye kikopo kisicho na maandishi. Ilinituliza wiki mbili tu. Nikiiacha, vipele vinarudi kwa nguvu zaidi, kwa hiyo naipaka kila usiku mpaka leo. Mwezi uliopita daktari wa ngozi aliniambia nina ugonjwa wa ngozi ya uso unaoitwa rosasia, akanipa jeli. Wiki ya tatu hii sioni tofauti. Naolewa baada ya wiki tano. Saluni wanasema nichubuliwe uso kwa dawa mara tatu, pamoja na stimu na skrabu, ili ngozi mbaya itoke nzuri ije. Shangazi naye ameshaandaa singo. Nikikubali, hatari yake ni nini hasa?"

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Jibu nalitanguliza, maelezo yatafuata: usichubuliwe uso hata mara moja, na usifanyiwe stimu wala skrabu. Kama umeshalipa kianzio, waombe wakihamishie kwenye kupambwa siku yenyewe. Kuhusu singo ya shangazi tutaelewana, nitaeleza. Lakini kinachonitia wasiwasi kuliko vyote ni kile kikopo, na nitakirudia kwa kirefu.

Nianze na hayo maneno ya saluni, kwamba ngozi mbaya itoke nzuri ije. Mtu mwenye ngozi nene iliyoziba vitundu anaweza kunufaika na dawa za kuchubua. Ngozi yako wewe haina unene wa kupunguzwa. Ganda la juu kabisa la ngozi ni jembamba kuliko karatasi ya daftari, lakini ndilo linalozuia maji ya mwili yasitoke na vitu vikali visiingie. Lifikirie kama paa la makuti: seli zilizokauka ndizo makuti yenyewe, yamelaliana, na mafuta ya asili yaliyo kati yake ndiyo kamba zinazoyashika. Kwa mwenye rosasia kamba zimelegea. Ukipima mashavu yake utakuta yanapoteza maji kwa kasi kuliko ya mtu mwingine. Ndiyo maana sabuni ambayo mwenzako anaogea bila shida wewe inakuuma. Sasa, asidi ya kuchubulia kazi yake ni kuyabandua makuti hayo, iwe ya glaikoliki, ya salisiliki au ile kali zaidi inayofupishwa TCA. Unapanda juu ya paa linalovuja ukaanza kung'oa makuti.

Chini ya paa kuna neva na vishipa vya damu, navyo kwako viko wepesi mno wa kuitika. Mwaka 1997 mwanasayansi wa Marekani, David Julius, alikitambua kipokezi cha neva kinachoitikia ukali wa pilipili, akakuta ni kilekile kinachoitikia joto la kuunguza, la nyuzi 43 na kuendelea. Kazi hiyo ilimfanya awe mmoja wa wawili waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021. Vipokezi vya jamii hiyo vimekutwa kwa wingi zaidi katika ngozi yenye rosasia. Kwa hiyo wewe unapoinamia sufuria ya mchuzi wa pilipili, halafu ukanywa chai ya moto, halafu ukapanda bodaboda jua la saa saba, uso wako unapokea ujumbe mmoja mara tatu: moto. Mishipa inatanuka, damu inajaa, mashavu yanawaka. Stimu ya saluni ni mara ya nne.

Kuna jambo la tatu. Mwaka 2007 watafiti wa San Diego, Marekani, walionyesha kwamba ngozi yenye rosasia ina kiasi kikubwa mno cha protini ya kinga iitwayo kathelisidini, na kwamba protini hiyo inakatwa vipande visivyo vya kawaida. Walipowachoma panya sindano yenye vipande hivyo, ngozi yao iligeuka nyekundu na kuvimba. Kwa maneno ya nyumbani, kinga ya uso wako iko macho usiku na mchana, na kila mkwaruzo inauhesabu kuwa uvamizi. Wadudu wadogo wasioonekana kwa macho waitwao demodeksi, ambao karibu kila mtu mzima anao kwenye vitundu vya nywele za uso, nao huwa wengi zaidi kwa wenye rosasia. Hilo halina uhusiano na uchafu. Nalisema kwa sababu wagonjwa wangu wengi wameambiwa "hunawi vizuri", wakarudi nyumbani kujisugua kwa dodoki mpaka uso ukatoa maji.

Basi tuseme umekubali, umelala kwenye kile kiti. Wanapaka dawa, unaanza kuungua. Unamwambia dada wa saluni, naye anakujibu maneno ambayo nimeyasikia kwa wagonjwa mpaka nimeyakariri: "Vumilia, ikiwaka ndiyo inafanya kazi." Hapo ndipo hasa pananiuma. Tumelelewa kwamba dawa lazima iwe chungu, kwamba jeraha lisipouma halijasafishwa. Uso wenye rosasia ukiwaka, unakwambia uondoe ulichopaka, na uondoe sasa hivi kwa maji mengi ya baridi. Usisubiri dakika zilizobaki. Usione haya.

Ukivumilia, siku ya pili au ya tatu uso unavimba, hasa chini ya macho. Pengine unatoa majimaji na kufanya magamba. Vipele vya zamani vinabaki na vipya vinaongezeka. Halafu inakuja shida yetu sisi wenye ngozi nyeusi: popote ngozi yetu ilipoungua au kuvimba, chembe zinazotengeneza rangi zinafanya kazi kupita kiasi na kuacha weusi. Weusi huo hukaa miezi, na ukiwa umeshuka ndani zaidi huweza kufika mwaka au kupita. Nakumbuka mama mmoja aliyenijia wiki mbili baada ya kuchubuliwa. Kwenye shavu la kushoto ungeweza kuifuata njia ya brashi kwa kidole: mistari mitatu ya kahawia iliyokoza, kutoka pembe ya jicho hadi kwenye taya, na shingoni doa duara kama punje ya dengu, pale tone lilipodondokea. Vipele vilivyompeleka saluni vilikuwa palepale, kati ya mstari na mstari. Yeye naye alikuwa na shughuli mbele yake, ubarikio wa mwanawe. Alikwenda amejifunika.

Nisiwaonee watu wa saluni kwa kusema kuchubua ni sumu kwa kila mtu. Wapo madaktari wa ngozi wanaotumia asidi laini kwa baadhi ya wagonjwa wa rosasia, ugonjwa ukiwa umetulia kwa muda, wakianza na sehemu ndogo, na wakijua la kufanya uso ukikataa. Hilo ni tofauti kabisa na raundi tatu ndani ya wiki tano, juu ya uso unaowaka, ambao juu yake kuna krimu isiyojulikana. Krimu za namna hiyo mara nyingi huwa na steroidi, dawa za kutuliza uvimbe. Ngozi iliyopakwa steroidi kwa miezi imekonda, na asidi ileile huzama zaidi kuliko aliyeipaka alivyokusudia. Hata mtaalamu mwenye mkono mwepesi anaweza kukuunguza akiwa hajui ulichokuwa unajipaka usiku.

Mengine nitayapitia haraka. Skrabu za sukari, chumvi au kokwa zilizosagwa: hapana. Roli la vijisindano: hapana. Mashine za mwanga mkali za kuondoa wekundu zina kazi yake hospitalini, lakini zile za mwanga mchanganyiko huunguza ngozi nyeusi kwa urahisi, maana rangi ya ngozi yetu hunywa mwanga huo kabla haujafika kwenye mshipa. Maji ya kusafishia uso yenye spiriti, na chochote chenye mentoli, kafuri, mnanaa au mkaratusi, kiache hata kama mwanzoni kinaleta ubaridi mtamu. Dawa ya meno isiguse kipele. Dawa za chunusi zenye benzoili peroksaidi, na zile za jamii ya retinoli, usijianzishie mwenyewe. Sabuni ya mche ni ya nguo: uso una uchachu kidogo, kama 5 kwenye kipimo cha pH, na sabuni za vipande nyingi ziko kati ya 9 na 10. Kujifukiza, kule kulikoenea sana mwaka 2020 wakati wa korona, kwako ni kuuwasha ugonjwa kwa makusudi.

Limau na ndimu nazitenga kwa sababu wengi wanaziona hazina madhara, kwa kuwa ni chakula. Zina asidi kali kuliko unavyodhani, na ndimu ina kemikali ambazo zikikutana na jua juu ya ngozi huunguza na kuacha michirizi myeusi. Kwa mpishi, hata ile ya kukamua samaki inahesabika. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni kabla hujajifuta jasho usoni.

Sasa singo. Sitaki ugombane na shangazi. Singo ni sehemu ya heshima anayokupa, na mwili wako wote unaweza kuipokea: mikono, miguu, mgongo, tumbo. Usoni ndipo isipande. Singo nyingi zina karafuu iliyosagwa, na mafuta ya karafuu huwasha hata ngozi nzima. Tena ni ya kusugua, na kusugua ndiko tunakokukimbia. Marashi nayo ni katika vitu vinavyoongoza kwa kuleta mzio wa ngozi. Kama shangazi atashikilia kwamba bibi harusi lazima uso uguswe, basi liwa iliyosagwa upya kwa maji matupu, bila marashi, bila karafuu, ipakwe kwanza nyuma ya sikio na kwenye kipande cha taya kwa siku tatu mfululizo. Pakiwasha au pakivimba, yaishie hapo. Pakikaa kimya, ipakwe bila kusugua na isiachwe ikakauka mpaka ikavuta ngozi. Uilainishe kwa maji, uiondoe kwa kiganja.

Tuje kwenye kikopo.

Krimu isiyo na maandishi, inayotuliza uso kwa wiki mbili na kuulipua ukiiacha, mara nyingi mno huwa na steroidi kali. Siwezi kuiapia yako bila kuipima, ila hadithi unayonisimulia ndiyo hadithi yenyewe, neno kwa neno. Steroidi hubana mishipa ya damu na kunyamazisha uvimbe. Kwa hiyo siku za mwanzo wekundu unapotea, vipele vinalala, unajitazama kwenye kioo na kumshukuru aliyekuuzia. Chini kwa chini ngozi inakonda, mishipa inazoea kubanwa, na wale demodeksi wanazaana bila kinga ya kuwazuia. Ukiiacha siku chache, mishipa inafunguka yote kwa pamoja, na uso unawaka vibaya kuliko ulivyoanza. Unarudi kwenye kikopo. Huu ni mtego, na una jina: rosasia ya steroidi. Humpata hata mtu ambaye hakuwa na rosasia kabla, na aliye nayo tayari humkaza zaidi. Klobetasoli, ambayo ni ya kawaida katika michanganyiko ya kujichubua, imo kwenye kundi la steroidi zenye nguvu kuliko zote za kupaka, na usoni haina kazi.

Hii ndiyo sababu ya kwanza ya jeli ya daktari kutoonyesha tofauti: asubuhi unatibu, usiku unavuruga. Sababu ya pili ni kwamba wiki tatu hazitoshi. Kama jeli hiyo ni metronidazoli, hupewa wiki 8 hadi 12 kabla ya kuhukumiwa.

Huenda steroidi haiko peke yake humo. Krimu za kuchanganya zimekutwa mara nyingi na haidrokwinoni, kemikali ya kupunguza rangi ya ngozi, na zebaki. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu bila usimamizi huacha weusi wa bluu-kijivu ulio mgumu sana kuondoka. Jambo hilo lilielezwa na madaktari wa Afrika Kusini mwaka 1975, kwa wanawake waliokuwa wakijipaka krimu za kujichubua, na nchi ile ikaja kuipiga marufuku katika vipodozi. Zebaki ni balaa zaidi. Inapenya ngozi, inaumiza figo, na kwa mwanamke mjamzito inamfikia mtoto tumboni. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliweka kikomo cha sehemu 1 kwa milioni katika vipodozi, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuiondoa kabisa. Tanzania inazikataza krimu zenye zebaki na zenye haidrokwinoni. Nakuuliza kama mama: unaolewa baada ya wiki tano, pengine unatamani mtoto mapema. Je, unataka kuingia kwenye ndoa hukijui kilichomo kwenye kikopo unachojipaka kila usiku?

Ukiacha, kuna kipindi kigumu, na sitakificha. Ndani ya siku chache hadi wiki mbili hivi uso utawaka, utavimba, vipele vitajaa. Ndiyo maana muda wako ni mfupi na kila siku ina thamani: mlipuko huo ni bora uje sasa kuliko ukukute wiki ya harusi. Rudi kwa yule daktari wiki hii, umweleze kila kitu. Madaktari hatuko sawa katika hili. Wapo wanaokata mara moja, wapo wanaoshusha kwa steroidi hafifu siku chache, na wapo wanaotumia takrolimasi, mafuta ya kupaka yasiyo steroidi, kupunguza makali. Mara nyingi tunaongeza kidonge cha doksisaiklini kwa wiki kadhaa, kwa sababu kinatuliza uvimbe wa rosasia. Ukiandikiwa, kinywe kwa glasi nzima ya maji, usilale mara baada ya kukimeza, na ujue kwamba kinaifanya ngozi iungue upesi kwenye jua. Hakifai kwa mjamzito, kwa hiyo mwambie daktari ukweli kuhusu hedhi yako na mipango yenu.

Umenyamaza kuhusu jambo moja ambalo nadhani linakusumbua: kwa nini ilichukua karibu mwaka mtu kukwambia jina la ugonjwa? Inakadiriwa kwamba watu wazima wapatao 5 kwa kila 100 duniani wana rosasia, lakini picha zilizojaa vitabuni ni za wazungu wenye mashavu mekundu. Kwenye ngozi ya maji ya kunde wekundu unaonekana kama zambarau au kahawia ya moto, na kwenye ngozi nyeusi zaidi pengine hauonekani kabisa. Mgonjwa anausikia tu: joto, kuchoma, ngozi kukaza. Mimi hutumia kipande cha kioo safi. Nakibonyeza taratibu shavuni, damu inasogea, ngozi chini ya kioo inabadilika rangi; nikiondoa, sekunde moja, na ule wekundu unarudi. Mgonjwa akishikiliwa kioo cha kujitazamia aone mwenyewe, wengine wanalia, kwa kuwa kwa mara ya kwanza mtu amewaamini. Dalili nyingine ni hiyo uliyoitaja: vipele visivyo na kile kichwa cheusi au cheupe cha chunusi.

Ila si kila wekundu wa mashavuni ni rosasia. Ugonjwa wa lupasi, ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, unaweza kukaa mahali palepale, na tofauti ni kubwa kwa maisha ya mtu. Ukiwa na maumivu ya viungo, homa zisizoeleweka, vidonda vya mdomoni, nywele kunyonyoka au miguu kuvimba, mwambie daktari, vipimo vya damu na mkojo vifanywe. Hilo ni la kila anayesoma hapa na hajawahi kuonwa.

Na macho. Rosasia huingia machoni kwa watu wengi, na kwa wenye ngozi nyeusi wakati mwingine machoni ndiko inakojulikana kwanza. Macho yanakuwa kama yana mchanga, yanatoa machozi, kope zinavimba, chokea linatoka, likipona linakuja jingine. Ukianza kuumizwa na mwanga au kuona ukungu, usingoje miadi, nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo.

Sasa wiki zako tano. Siku kumi za kwanza baada ya kuonana na daktari, uso upewe mapumziko. Maji ya uvuguvugu, kisafishio kisicho sabuni na kisicho harufu, vidole tu, bila dodoki wala kitambaa. Kausha kwa kubonyezabonyeza taulo laini. Ngozi ikiwa ingali na unyevunyevu, paka mafuta mepesi yasiyo na marashi, au mafuta ya mgando ya kawaida kwa safu nyembamba. Dawa ya daktari ipake kama alivyoagiza. Kama atakupa asidi ya azelaiki ya asilimia 15, nafurahi kwa ajili yako, maana inatibu vipele na pia inapunguza madoa meusi. Inaweza kuchonyota kidogo siku za mwanzo, kwa dakika chache. Mchonyoto mdogo unaopita, wa dawa aliyekupa daktari, ni kitu kingine na ule moto wa saluni. Ukizidi, anza siku moja ukiruka moja. Krimu ya ivermektini ya asilimia 1 nayo ni nzuri, ingawa kuipata kwetu bado ni kazi na bei yake haiko chini.

Jua la Tanga unalijua. Krimu ya kukinga jua iwe ya SPF 30 au zaidi, yenye zinki oksaidi au titani dioksaidi, kwa kuwa hizo huwasha kidogo kuliko nyingine. Nyingi zinaacha weupe kama unga kwenye ngozi yetu, kwa hiyo tafuta iliyotiwa rangi. Na khanga juu ya kichwa bado ni kinga nzuri ya kuongezea juu ya krimu.

Kuhusu kazi, mwombe bosi akuhamishie kwenye kukata na kupanga kwa muda huu, mbali na makaa na karai la mafuta. Isipowezekana, feni ielekee uso wako na si mgongo, kitambaa cha maji baridi kiwe karibu, na usifunue sufuria ukiwa umeiinamia: simama pembeni, funua ukielekeza mvuke upande wa pili. Chai iache ipoe kidogo. Pilipili kila mtu na yake. Andika kwenye daftari ulichokula na saa uso ulipowaka, wiki mbili tu utajua.

Usitarajie uso wa mtoto siku ya harusi. Ukifuata haya, natarajia vipele vipungue na kuchoma kushuke. Wekundu wa mashavu utabaki kiasi, na vipodozi vitaufunika. Mpambaji wako akujaribie wiki mbili kabla, kwa vipodozi vilevile atakavyotumia siku yenyewe, ukae navyo kwa muda wa saa tatu, kisha uone uso unasemaje asubuhi yake. Asikusafishe kwanza kwa spiriti, na brashi zake zioshwe. Usiku wa harusi, hata ukiwa umechoka vipi, viondoe kwa kisafishio chako na maji ya uvuguvugu. Zile karatasi za kufutia zenye harufu ziwachie wengine.

Kikopo usikitupe. Kifunge vizuri kwenye mfuko wa nailoni, andika tarehe uliyoanza kukitumia na duka ulilokinunua, na mpelekee daktari pamoja na mirija na makopo mengine yote uliyopaka mwaka huu, hata yaliyobaki matupu. Yenye maandishi asome yale madogo chini ya jina kubwa: akikuta "clobetasol", "betamethasone", "hydroquinone" au "mercury", ataanzia hapo. Na ukishaonana naye, niandikie alichosema.